Msimu wa Macho ya Kuazima

Nilitangaza besiboli msimu mzima bila kuuona uwanja. Watu wakisikia hivyo hucheka, kisha huuliza niliwezaje, na zamani nilikuwa nawajibu kwa majivuno kwamba nilikuwa na macho ya mtu mwingine. Siku hizi sipendi kuulizwa.

Nilikuwa nasafisha vyumba katika hoteli moja Deira, huku Uarabuni. Kazi ya kutandika vitanda ni ya kimya, na mimi kimya hunichosha kuliko kuinama, kwa hiyo nilijizoesha kuitangaza kazi yenyewe kwa sauti ya chini: shuka linapaa, linatua, kona ya kwanza imeingia, mto unakwenda hewani, na huyo amelala mahali pake! Jioni nikirudi chumbani Al Nahda niliendelea. Nilitangaza wali unavyoiva. Nilitangaza wenzetu wanavyogombania bafu.

Aliyekuwa akinisikiliza zaidi alikuwa mwenzangu wa kitanda cha chini. Mimi nililala juu, yeye chini, pazia moja likitutenga na chumba kizima. Alikuwa Mkenya kutoka Kitale, mlinzi, mwanamke mrefu aliyetembea kama anahesabiwa mshahara kwa kila hatua. Akitaka kuniamsha aliugonga ubao wa kitanda changu kwa kisigino. Aliniita Mbongo, kama Wakenya wanavyotuita Watanzania wote, na mimi nilimwita shosti. Sikuwahi kuwa na rafiki wa namna ile nyumbani Iringa, na sidhani kama nitapata mwingine.

Siku moja kampuni yake ya ulinzi ilimpanga kwenye uwanja mpya wa besiboli nje kidogo ya mji. Ligi ilikuwa ndiyo inaanza. Wenye ligi walitaka mechi zisikike kwa kila lugha inayosemwa katika mji huu, na Kiswahili kiliangukia redio ndogo ya mtandaoni iliyokuwa Naif, ghorofa ya juu ya duka la vipuri vya mafriji. Mwenye duka ndiye mwenye redio. Ukoo wake ulitoka Unguja miaka mingi iliyopita, na sote tulimwita Ami. Mimi nilikuwa nimeshapita hapo mara kadhaa Ijumaa kusoma salamu za watu.

"Ami hana mtangazaji," mwenzangu aliniambia akivua buti. "Nimemwambia wewe unaeza."

"Mimi? Besiboli naijulia wapi?"

"Si nitakufunza. Hiyo ni raunda tu, Mbongo. Raunda ya watu wazima wenye kulipwa."

Nikamwambia kwetu wasichana hatukucheza raunda, tulicheza rede: mmoja anasimama katikati, wengine wanamlenga kwa mpira, naye anakwepa.

"Ndiyo maana mko hivyo," akasema. "Nyinyi mlifunzwa kukwepa. Sisi tulifunzwa kupiga na kukimbia."

Alinifundisha juu ya godoro lake. Kitana kilikuwa gongo. Vifuniko vya soda vilikuwa vituo, na soksi iliyokunjwa ilikuwa mpira. Huyu anarusha, huyu anapiga, akishapiga anakimbia kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, halafu anarudi pale pale alipoanzia, na hapo ndipo anapata alama. Mpira ukitoka nje ya ukuta wa mwisho, hakuna wa kumzuia, anazunguka kwa madaha mpaka mwisho. Ukidakwa hewani kabla haujagusa chini, basi, khalas, ametoka. Nikauliza pale alipoanzia panaitwaje. Akasema nyumbani. Nilikaa nikavitazama vile vifuniko. Mchezo mzima ni kuondoka nyumbani, kuzunguka kwa hofu, na kutafuta njia ya kurudi. Nilijua kuna watu katika mji huu ambao hawatahitaji kuelezwa mara mbili.

Majina niliyatunga mimi. Mrushaji, mpigaji, mdakaji, hayo yalikuja yenyewe. Mengine niliyatafuta huku natandika. Mpira unaopigwa chini ukadunda kama kuku aliyechinjwa niliuita mpira wa kuku. Ule ambao mpigaji anaugusa kwa gongo taratibu tu, makusudi, ukalala mbele yake wakati wenzake wanakimbia, niliuita mpira wa kubembelezwa. Nilimsomea mwenzangu yote, naye alicheka au alikunja uso, na lililomkunja uso nililiacha.

Tatizo lilikuwa picha. Chumba cha redio kilikuwa na meza, kipaza sauti, kompyuta, na ukutani trei za mayai zilizobandikwa kuzuia mwangwi. Picha ya mechi ilikuja kwa mtandao, lakini ilikuja imechelewa, na mara nyingine iligoma kabisa, mchezaji akabaki mguu mmoja hewani. Mechi ya kwanza niliitangaza hivyo. Wafagizi na madereva waliokuwa pale pale uwanjani na simu zao masikioni walituma ujumbe wa matusi. Walikuwa wanaona mtu amekwishakaa chini na mimi bado nasema anakimbia.

Ni yeye aliyetoa wazo. Kituo chake cha ulinzi kilikuwa upande wa kushoto, karibu na ukuta wa mwisho, na uwanja wote ulikuwa mbele yake. Walinzi hawakuruhusiwa simu kazini. Yeye angeficha simu ndani ya koti, waya wa sikio apitishe chini ya kofia, kile kidude cha kusemea akibane chini ya kola ya shati. Akitaka kusema angeinamisha kidevu tu, kama mtu anayetazama vifungo vyake.

"Wakikushika?" nikauliza.

"Wakinishika narudi Kitale kulima mahindi. Wewe ongea tu."

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi. Mimi Naif, nimefumba macho, sikio la kushoto limejaa sauti yake. Yeye kule, juani, amesimama wima, kidevu kinashuka na kupanda. Alinipa maneno machache kama mtu anayepitisha matofali. Kulia. Chini. Amekosa. Mbili zimebaki. Na mimi nilijenga. Akisema "mrushaji anajifuta," nilisema mrushaji ameinua mkono wa shati usoni, jasho linamwingia machoni, anamtazama mpigaji kama anayedaiwa maelezo. Akisema "kushoto, mbali," niliupeleka mpira juu ya vichwa vya watu, nikauacha unaning'inia, nikaushusha aliposema "chini." Kompyuta niliiacha wazi pembeni, picha ikitufuata nyuma kama mtoto aliyechoka kutembea. Sikuitazama. Nilikuwa na macho bora zaidi.

Watu walianza kusikiliza. Sikuelewa mwanzoni ni kwa nini, kwa kuwa wengi wao hawakuwa na haja na besiboli. Kumbe walinzi wanaosimama zamu nzima mlangoni waliupenda kwa urefu wake. Mpira wa miguu unaisha, walisema, na bado una saa za kusimama. Huu unakwenda na wewe. Mayaya walisikiliza wakipiga pasi. Nilipata salamu kutoka kambi za wajenzi, kutoka jikoni za watu, kutoka kwa Mganda mmoja aliyesema hajui nani anacheza na nani lakini hawezi kulala kabla sijamfikisha mtu nyumbani.

Siku moja tuko dukani karibu na jengo letu, tunachagua nyanya, fundi mmoja wa Kitanzania akasimama ghafla nyuma yangu.

"Hiyo sauti! Wewe si dada wa besiboli?"

Alitaka picha. Akamkabidhi mwenzangu simu yake. "Sista, tupige basi."

"Sogeeni," mwenzangu akasema. "Mbongo, tabasamu. Haya." Akapiga mbili kwa uhakika. Njiani alibeba nyanya na hakusema mengi, na mimi nilikuwa nasema kwa wawili.

Msimu ulipokaribia kwisha, Ami aliniita dukani, mikono ina grisi.

"Mwanangu, kuna habari. Madam wa ligi, yule anaeshughulika na utangazaji, ataka mtu mmoja wa Kiswahili msimu ujao. Mmoja. Akae huko huko uwanjani, na viza watampa wao. Mechi ya mwisho atakusikiliza, mie nitakaa nae huko uwanjani nimfasirie. Usiniaibishe, weye."

Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka kiti kile. Nilikuwa nimeshaandika hadithi zangu kadhaa na kuzituma huku na huko, nilikuwa na marafiki wanaoandika ambao walisifu kazi zangu kwa upole, lakini hakuna aliyewahi kuniambia: njoo, hii sauti yako ndiyo kazi yako, weka ndoo chini. Nilimpigia mama, naye akaiambia kwaya yake nzima kanisani.

Mwenzangu nilimwambia siku hiyo hiyo, ameketi kitandani anapaka miguu mafuta.

"Kiti kimoja?" akauliza.

"Kimoja."

Aliendelea kupaka. "Ni sawa. Enyewe umeiva."

Asubuhi ya mechi ya mwisho alinipigia pasi blauzi. Nikamwambia hii ni redio, nani ataniona. Akasema, "Mimi nitajua umevaa vizuri." Alikunja mikono ya blauzi vizuri, mara mbili, akaituliza kwa kiganja. Namuona hata sasa.

Mchezo ulikwenda vizuri mpaka mwisho wake. Alasiri, jua kali, uwanja umejaa. Ami alikuwa kule amekaa na madam, sikio moja la kila mmoja kwenye redio yangu. Mimi sikuwahi kutangaza vile. Maneno yalikuja yakiwa yameshavaa. Kipindi cha mwisho, timu iliyokuwa nyuma ilikuwa na watu wawili kwenye vituo, akitoka mmoja tu mchezo umekwisha, na mpigaji wao mkubwa alikuwa ameshika gongo. Nilisikia pumzi ya mwenzangu sikioni.

"Anarusha," akasema. "Amepiga. Kushoto. Kwangu huku. Mbali. Mbali."

Nikaupandisha mpira. Nikasema unapaa, unapita taa, unapita kila jicho.

Uwanja ukalipuka. Nilizisikia kelele kupitia simu yake. Kelele za kumshangilia mpigaji na za kumshangilia mdakaji zinafanana, hilo nililijua baadaye.

"Imetoka," akasema. "Imetoka nje, Mbongo! Wote nyumbani!"

Nikawarudisha nyumbani. Niliwarudisha mmoja mmoja, wa kwanza anateleza kwenye vumbi, wa pili amenyoosha mikono, na yule mpigaji mwenyewe, taratibu, kama mtu aliyeshuka kwenye ndege na kuona ndugu zake wamemsubiri. Nilisema nyumbani, nyumbani, nyumbani. Nilikuwa nalia. Nadhani hata Mganda wangu alikuwa analia.

Sikio la kushoto likawa kimya. Nikasubiri tofali lingine. Halikuja. Nikafumbua macho, na pembeni, kwenye kompyuta, picha ilikuwa ndiyo inafika. Mpigaji anapiga. Mpira unapanda. Mchezaji wa kushoto anakimbia kinyumenyume, anaruka, anagonga ukuta kwa bega, na anaanguka na mpira ndani ya glavu. Anauinua. Wenzake wanamrukia. Mchezo umekwisha. Hakuna aliyerudi nyumbani.

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Nikasema, "Wasikilizaji, nimekosea. Umedakwa." Ni maneno matatu, lakini sikumbuki kama yalitoka kwa sauti yangu. Ujumbe wa watu waliokuwa uwanjani ulikuwa umeshaanza kumiminika, na wote walikuwa wanacheka.

Mwenzangu alirudi chumbani amevimba macho. "Jua, shosti," akasema. Alilitumia neno langu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Jua lilinipiga machoni. Sikuona. Aki sikuona." Nilimkalisha. Nilimpa maji. Nilimwambia lingeweza kumpata yeyote, nikamshika mabega mpaka akaacha kulia.

Wiki iliyofuata nilikwenda Naif kujua hatima yangu. Ami alikuwa anapanga makoili ya friji, na aliendelea kuyapanga.

"Nafasi wamempa mwenzio," akasema.

"Mwenzangu nani?"

"Yule mlinzi. Mchezo ulipokwisha tu alikuja pale tulipokaa, akamwambia madam yeye ndie alokuwa akiona mechi zote. Akasema weye hujapata kuuona uwanja hata siku moja. Akasema yule hatangazi, yule anatunga."

"Lakini Ami, wewe ulijua tunavyofanya. Wewe ndiye uliyenunua ule waya."

"Madam akaniuliza, ulijua? Nikasema sikujua." Akaniangalia mara moja tu. "Mie nna mkataba nao, mwanangu. Nna watu wananitegemea. Nifanyeje?"

Nilitoka nikatembea kati ya maboksi ya wafanyabiashara, mablanketi, masufuria, watu wanafunga mizigo ya Kongo na Tanga kwa utepe wa gundi, na njia nzima nilikuwa namtetea. Labda walimbana. Labda madam alimuuliza akashindwa kusema uongo. Na alichosema si ni kweli? Sijauona uwanja. Natunga. Nilimtetea mpaka kituo cha basi na ndani ya basi, na usiku nilipanda kitandani kwangu bila kumuuliza, nikimsikia anapumua chini yangu.

Lakini udakaji ule ulikuwa mzuri mno, na watu walikuwa wanautuma kwa simu kila mahali. Ulinifikia kazini. Nilikaa kwenye ngazi za wafanyakazi, nikautazama kwa mara ya kwanza polepole, kama kila mtu alivyokuwa anautazama. Kamera ilikuwa karibu na ukuta. Nyuma ya mchezaji, pembeni ya picha, alikuwepo mlinzi mrefu amevaa koti la njano. Jua lilikuwa mgongoni kwake. Kivuli chake kilikuwa mbele ya miguu yake. Mpira unaingia kwenye glavu karibu naye kiasi kwamba angeweza kuugusa. Anautazama unavyoingia. Watu nyuma yake wanaruka juu ya viti. Yeye haruki. Anautazama, anatulia kama anayehesabu jambo, halafu anainamisha kidevu kwenye kola. Midomo inacheza.

Sikuhitaji sauti ya ile video. Maneno yale nilikuwa nayo bado sikioni.

Nilimkuta jikoni anasonga ugali.

"Nimeona," nikasema.

"Umeona nini?"

"Kidevu chako."

Mwiko haukusimama. "Wee Mbongo. Umeangalia hiyo kitu mara ngapi?"

"Jua lilikuwa nyuma yako."

Akasonga, akageuza, akasonga. "Sawa," akasema. "Lilikuwa nyuma yangu."

"Kwa nini hukuniomba?"

"Nikuombe nini? Kiti? Ungenipa?"

Nikachukua sahani, nikaisuuza.

"Msimu mzima nimesimama hapo," akasema. "Supervaiza angeona huo waya ningekuwa kwa ndege. Mimi ndiye nilikuwa naona. Wewe ulikuwa unaremba tu. Halafu mtu ananipatia simu, ati sista tupige."

"Ungemwambia madam ukweli. Ungemwambia tu, bila kunidanganya mbele ya watu."

"Angeniskiza?" Sasa ndipo aliponigeukia. "Mlinzi haskizwi mpaka kitu kiharibike."

"Kwa hiyo ukakiharibu."

"Nikakiharibu." Akaupindua ugali kwenye sahani, akaupiga kwa mwiko pembeni ukakaa sawa. "Imeiva. Utakula?"

Nilikuwa nimetoka zamu, na njaa iliniuma. Nikakaa. Tulikula sahani moja, mkono wangu na mkono wake ikipishana kama siku zote, na sukuma wiki ilikuwa imekolea chumvi vizuri. Nilitaka iwe mbaya. Tulimaliza, tukanawa.

Mwisho wa mwezi alihamia nyumba aliyopewa na ligi. Kitanda cha chini alikuja kulala msichana mwingine, mpole, ambaye sikumfahamu na sikujaribu kumfahamu. Nilianza kutandika kimya. Ami alinitumia salamu mara mbili kwamba Ijumaa bado zipo kama nataka kusoma salamu za watu. Nikamjibu inshallah, kwa namna ile ambayo kila mtu hapa huielewa kuwa hapana.

Msimu mpya ulipoanza, asubuhi ya mechi ya kwanza, simu yangu ilitetemeka mfukoni mwa aproni. Ilikuwa sauti yake, imerekodiwa kwa haraka, nyuma yake upepo na watu wanajaribu spika.

"Mbongo, sasa. Skiza, ule mpira wa kuguswa tu pole pole, ukalala hapo mbele. Wewe ulikuwa unauitaje? Nimejaribu kukumbuka nimeshindwa. Nitumie haraka, tunaanza."

Niliisikiliza nimesimama katikati ya chumba cha mgeni, shuka chafu begani. Niliisikiliza tena. Yeye angeona kwamba nimeisikiliza. Nikairudisha simu mfukoni, na alipoanza kutangaza nikaweka kidude sikioni, lile la kushoto, nikaendelea na kazi.

Alikuwa anatumia maneno yangu yote. Mrushaji, mdakaji, mpira wa kuku, nyumbani. Aliyasema kwa lafudhi ya Kitale, kavu, bila mapambo, na nilimchukia kwa jinsi yalivyomkaa. Nilibadilisha foronya. Nilikuwa nasubiri. Nilijua mpira ule utafika, hakuna mechi inayokwisha bila mpigaji mmoja kujaribu hila ile, na nilitaka niwepo atakapofika pale na kukuta pako wazi, bila jina.

Ukafika. Nilisikia akivuta pumzi, ile pumzi niliyoijua. Akanyamaza, kidogo tu.

"Ameugusa tu," akasema. "Pole pole. Umelala hapo mbele yake, na wenzake wanakimbia, wanakimbia, huyo mmoja ameingia nyumbani!"

Kelele zikapanda. Mtu mmoja akacheka kwa furaha karibu na kipaza sauti chake. Mchezo haukusimama. Nilikuwa nimetegemea usimame.